Uso Umekubaliwa

…na sasa kaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu kama mtu aliyekatishwa chafya, binti wa watu wa saini za mtandaoni, sauti yake imekatikia pale pale, "taja majina yako matatu, mama, kama yalivyo kwenye kitam…", kitambulisho, najua, ninacho hapa mapajani, kitambulisho cha Kulwa, picha ya Kulwa, na mimi Doto, pacha wake, mtoka nyuma, nimekaa kwenye kiti cha Kulwa, nimejifunga kitambaa cha kichwa cha Kulwa, na simu ya Kulwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga ili isianguke, "usiguse kitu, shemeji," ananong'ona mume wake, kajibanza kando ya kabati ambako kamera haimfikii, "mtandao utarudi, wewe tulia tu," tulia, mimi nimetulia tangu asubuhi, mgongo unaniuma, shingo inaniuma, tangu nianze kumwinua mgonjwa na kumlaza sijui tena ni kiungo gani hakiniumi, na huyu naye ananiambia nitulie… jamani, kumbe mtu anaweza kuchoka mpaka kope. Limebaki hilo tu, majina. Mengine yote nimepita, nimepita kama maji, "geuza uso kulia, mama, sasa kushoto, fumba macho, fumbua, tabasamu kidogo," nikatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri kung'olewa jino, kikatokea kiduara cha kijani kuzunguka kichwa changu na sauti ya mashine ikasema uso umekubaliwa, binti akacheka, "mama umejitunza, hata picha ya kitambulisho haikushindi," nami nikajikuta nasema asante mwanangu, asante! nimepokea sifa za mtu mwingine mbele ya mume wake, tena nimeona haya kidogo, haya ya kweli, kama msichana… lakini si uso wangu? Ni wangu, sikuuiba popote, nilizaliwa nao, ndiyo balaa lenyewe.

Na yale maswali, "haya ni maswali ya siri, mama, majibu yake unayajua wewe peke yako," peke yako! nusura nicheke, jina la mama mzazi, shule ya kwanza, jina walilokuwa wakikuita nyumbani ulipokuwa mdogo, mwalimu wa kwanza kukufundisha kusoma, nikajibu moja baada ya jingine bila kumeza mate, kwa sababu mama ni mmoja, shule ni moja, dawati lilikuwa moja na yeye ndiye aliyekaa upande wa dirisha, mwalimu ni yule yule mwenye pengo aliyetuchanganya mwaka mzima mpaka akatufunga uzi mkononi, mwekundu wa Kulwa, mweusi wangu, nasi tukabadilishana uzi wakati wa mapumziko… hao watu wa saini wamejipanga kweli kweli, wamefunga milango yote, wanamsubiri mwizi anayetoka mbali, mwizi mgeni, mwenye kofia sijui, lakini mwizi uliyelala naye tumbo moja hawana habari naye kabisa. Mwizi. Nimejiita mwizi mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Na Kulwa angesikia angesema unakuza mambo, Doto, wewe kila kitu kwako msiba, hapana, asingesema hivyo, Kulwa kwenye mambo haya hakuwa na mzaha hata chembe, miaka yote aliyokaa mapokezi ya maabara akiwapa watu majibu yao ya vipimo, bahasha imegundishwa, "tia saini hapa, nionyeshe kitambulisho, hapana baba, simpi mkeo, aje mwenyewe," walimwita Kufuli, wenzake kazini, na jina likamfuata mpaka mtaani, mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza, kwa umbea tu, yule jirani yetu alikuja kupima nini, akaniangalia, akasema hilo la mwenyewe, basi, akaendelea kula. Na simu yake akibonyeza namba ya siri anaziba kwa kiganja, mbele yangu mimi! nikanuna, akasema nakuficha kwa mazoea tu, usivimbe, nikavimba wiki nzima, kwamba mimi na wewe tuna siri gani, tumeugua surua pamoja, ukijikwaa wewe nastuka mimi, unanificha namba nne. Sasa namba zake zote zimeandikwa kwenye kiganja cha mumewe kwa kalamu ya wino, nimeziona alipokuwa ananipa chai.

Simu aliifungua kwa kidole. Kulwa amelala, mkono wa kulia, ule wa upande uliokufa kwa kiharusi, akaushika taratibu kama anayempima mapigo, akakigandamiza kidole gumba kwenye kioo, ikafunguka, nikamwambia shemeji unafanya nini, akasema, "Si kidole chake? Nimetumia kidole cha nani?" Ni cha kwake, sikatai, lakini yeye hakuwepo. Kidole kilikuwepo, yeye hakuwepo… na sikusema hivyo, ndiyo kwanza nalipata hilo neno sasa hivi, maneno yangu siku hizi yanachelewa, yanafika jibu likiwa limeshapoa. Lakini nisimseme vibaya, mwanamume huyu nisimseme vibaya, Mungu ananiona, anafua mashuka kwa mikono yake, anamlisha kijiko kwa kijiko, juzi nimemkuta amesinzia amesimama, kichwa ukutani, beseni mkononi, wangapi wangekuwa wameshakimbilia kwa mama zao. Na anachotaka si dhambi, hati ya uwakilishi tu, ili chochote kinachohitaji saini ya mkewe atie yeye, na cha kwanza kitakuwa nyumba, maana nyumba ni ya Kulwa, aliijenga kabla hajaolewa, tofali kwa tofali, na akaijenga juu mlimani, kwa sababu alitaka upepo, sasa kila tukimpeleka mazoezi ya viungo tunamteremsha ngazi kama kabati, mimi miguuni, yeye kwapani, jirani wa chini anashika mlango, pole, pole, pole jamani, Kulwa anaona aibu mpaka anafumba macho. "Tukiuza hapa tunapata pa chini, karibu na hospitali," anasema shemeji, "wewe mwenyewe unaona, shemeji, unaona au huoni?" naona. Naziona hizo ngazi hata nikilala. Na nikishataja majina matatu tu, yakishatoka, kazi imekwisha, narudi kwangu, kitandani kwangu, mto wangu wenye shimo la kichwa changu, mwanangu akipiga simu hasemi tena shikamoo, anaanza na mama unarudi lini, nami nasema karibuni, karibuni, karibuni ipi…

"…nisikia? Mama, unanisikia? Mtandao wa upande wako una…" kazinduka, kaganda tena, safari hii macho yote mawili wazi, angalau. "Anarudi," ananong'ona shemeji, "usibabaike, sema tu kama tulivyozoea." Kama tulivyozoea! Tulifanya mazoezi jana mezani, yeye ndiye karani na mimi ndiye mkewe, "mama, unatia saini kwa hiari yako?" "ndiyo," "kuna mtu mwingine hapo ndani?" "hakuna, niko peke yangu," tukacheka, wallahi tulicheka, kicheko kile cha uchovu kinachotoka puani, na chumbani kimya.

Chumbani kimya, na mlango uko wazi. Mlango huwa hatuufungi, ili akihitaji kitu tusikie. Basi naye anasikia… anasikia kila kitu, daktari alisema hivyo, "kuelewa anaelewa, msizungumze kama hayupo, ulimi ndio umegoma," na ulimi umegoma kweli, maneno yote yamemtoka limebaki moja, na la kubaki likabaki kijiko. Kijiko! Ya nini, hakuna ajuaye, daktari anasema hutokea, linaweza kubaki neno lolote, mwingine hubaki na tusi, tukasema heri yetu. Kiu, kijiko. Anataka kugeuzwa, kijiko. Mchungaji kaja kumwombea, kaomba kwa kirefu, mwisho badala ya amina ikasikika kijiko, nikatoka nje nikacheka na kulia kwa pamoja. Lakini si kijiko kimoja, hapo ndipo shemeji asipopajua, mimi navijua vyote, kuna kijiko cha njaa, kinavutwa mwishoni, kuna cha kuudhika, kuna cha "niacheni," kuna kimoja kidogo cha usiku ambacho ni jina langu, sauti hazikugoma, zimo humo humo, unachotakiwa ni kutulia umsikilize. Na leo asubuhi wakati namwogesha nikamwambia. Nilimwambia kwa kuzunguka, nampaka sabuni mgongoni ili nisimwangalie usoni, Kulwa, kuna zile karatasi za saini, juzi mashine ilikukataa, sasa tumeona nikae mimi, ni dakika chache tu, uso si ule ule, mumeo apate kukusaidia, nyumba hii ngazi zinatuua, unaonaje. Akasema kijiko. Kifupi. Kidevu juu. Kama droo inayofungwa kwa goti. Naijua sauti hiyo tangu hatujaota meno ya pili, ndiyo aliyomjibia baba alipomwambia amwachie Doto nafasi ya dirishani, ndiyo aliyowajibia washenga wa kwanza, ndiyo iliyowarudisha watu nyumbani bila bahasha. Na shemeji akauliza kutoka jikoni, "amesemaje?" nami nikasema, amesema kijiko, akasema, "haya, basi sawa," na mimi… mimi nikachukua taulo nikamkausha mgongo.

Nikamkausha mgongo, na vidole vya miguu, kimoja kimoja, kama vile ukimkausha mtu vizuri sana hutadaiwa jibu. Halafu nikamvua kitambaa cha kichwa. Hiki. Nilikifungua mimi mwenyewe, kina harufu yake, ya mafuta yake ya nywele, kinanibana masikio… na aliniangalia. Kulwa, usiniangalie hivyo sasa. Jicho la kushoto, lile zima. Kama juzi. Juzi tulimkalisha hapa hapa, mto huku, mto huku, nikamchana nywele, alitaka mwenyewe, aliona simu akaelewa, alijinyoosha kama anaenda kazini, tukamwekea simu mbele, na ndipo alipojiona. Mara ya kwanza tangu aanguke. Kioo cha chumbani tulikuwa tumekitoa, cha bafuni tumekifunika, tulijiona tuna akili sana, tukasahau kwamba simu nayo ni kioo, akajiona, mdomo umeteremkia upande mmoja, kope imeshuka, mate kidevuni, akainua mkono mzima akaigusa simu, hakujigusa yeye, akagusa pale kwenye kioo, palepale kidevuni, akapafuta kwa kidole, na mashine ikasema kwa ile sauti yake safi, uso haulingani, tafadhali jaribu tena. Tukajaribu tena. Uso haulingani. Na shemeji akanigeukia mimi, mbele yake, hakukusudia ubaya, ni uchovu, akasema, "kaa wewe, shemeji, nani atajua?"

Nani atajua… kioo tulikitoa. Loo. Tulikitoa kioo, kila asubuhi naingia mimi. Naingia na chai, nimesimama mzima, mdomo umenyooka, nyusi zote mbili zinapanda, habari za asubuhi Kulwa, na yeye analala pale anaangalia jinsi alivyokuwa, kila siku, anaangalia uso wake mwenyewe ukimletea chai, mbona sikuliona hili, mbona hakuna aliyeniambia… muuza mboga pale chini zamani alikuwa akinidai salamu za Kulwa, "jana mbona ulinipita," na mimi nacheka, hakuwa mimi alikuwa yeye, maisha yangu yote hayo, yeye si mimi, mimi si yeye, nilikuwa nachukia, siku nyingine naona raha, sasa hakuna anayetuchanganya tena, majirani wakiniona mimi ndio wanalia, wakitoka kumwona yeye wananikumbatia mimi, wananipapasa mashavu, wanasema alikuwa mzuri jamani. Alikuwa! Yupo chumbani, nyie watu, anasikia.

Na yule binti, kabla hajaganda, alisema kitu, alikisema haraka haraka kama wanavyosoma masharti, nami nikaitikia ndiyo kama ninavyoitikia kila kitu siku hizi, alisema nini… "tukimaliza leo, mama, picha ya zamani tunaifuta, picha hii mpya ndiyo itakuwa uso wako kwenye mfumo, popote utakapotia saini tutalinganisha na hii." Na hii. Na mimi. Si nyumba tu basi. Nilidhani naazima uso kwa dakika chache, namsaidia mtu kuvuka, kumbe ninauacha humo. Akipata nafuu, na daktari hakusema hapati, alisema itachukua muda, mkono wa kushoto tayari unashika kalamu, jana alichora kitu, msalaba au jumlisha, sijui, akipata nafuu aje akae hapa mwenyewe, na mdomo wake ulivyo, aseme nataka changu, wataangalia wataniona mimi. Watamwambia, mama, wewe si wewe. Yeye Kufuli, aliyewaambia watu wazima aje mwenyewe, aje mwenyewe, akija mwenyewe atakuta mimi nimekaa ndani ya jina lake, nimefunga mlango, nimejifunga kitambaa chake. Mashine imemkataa, haya, mashine haina macho, haimjui, haijawahi kumbeba. Mumewe amechoka hata haoni. Mimi nikimkataa, nani anabaki? Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki. Nasema uso ule ule, uso ule ule, si kweli, uso wa Kulwa siku hizi ni ule, ulioteremka, wenye jicho moja linaloniangalia, ule ndio wake, hana mwingine, na huu wa kwangu hata ungelingana vipi ni wa Doto, nami nilikuwa tayari kumzika nikiwa namlisha uji. Nimekosa, Kulwa. Nimechoka na nimekosa, vyote viwili.

Nitamwambia binti. Akirudi tu. Nitamwambia mwenyewe yuko chumba cha pili, uso wake umebadilika, ulimi wake unahitaji mtu wa kusikiliza, je, hamna mtu huko kwenu, mtu mwenye miguu, apande ngazi aje akae naye, amuulize swali moja asubiri, amuulize tena kesho, nitamfundisha kijiko kipi ni ndiyo, kipi ni hapana… na kama atasema hapana, basi ni hapana, ngazi tutaendelea kuzipanda, ee Mungu wangu, ngazi zile, mgongo huu. Pengine hawana mtu wa hivyo. Pengine watalifunga jina lake kwenye mfumo kabisa, wampigie mumewe, iwe kesi, shemeji hatanisemesha, atafua mashuka bila kunisemesha, na mwanangu nitamwambia tena karibuni. Najua. Sina nguvu za kupigana naye, sina hata za kunyanyuka kwenye hiki kiti, lakini kusema nitasema, kusema hakuhitaji mgongo… kioo kinacheza, kope za binti zinashuka, zinapanda, mdomo unaanza kutembea kabla ya sauti, "…mama? Upo? Samahani sana, tulikuwa kwenye majina. Taja majina yako matatu," na shemeji kando ya kabati ananiita kwa midomo bila sauti, majina, majina, ananionyesha kiganja chake, ameyaandika na hayo, nasikia, shemeji, mimi si kiziwi, majina nitayataja yote matatu, na yatakuwa ya kwangu.